Mwanya Kwenye Ua wa Mkonge

12 Oktoba 1997, Jumapili

Mvua imeanza. Ilitukuta kanisani wakati wa matangazo, ikapiga mabati mpaka mzee wa kanisa akaacha kusoma na kukaa chini. Mawele tulimaliza kupanda jana. Mwaka jana mimi na mume wangu Njoka tulibishana mpaka wakati wa kuvuna kuhusu tarehe tuliyopanda, yeye akisema moja na mimi nyingine, kwa hiyo mwaka huu nimeamua kuandika.

15 Oktoba

Mvua. Darasa langu lilikuwa na watoto tisa tu.

19 Oktoba, Jumapili

Redio inasema mvua hii itakuwa kubwa kuliko ya kawaida. Hapa Siakago hakuna aliyelalamika bado. Sisi tumezoea kuomba mvua. Kuikataa hatujui.

Mbuzi wa Igoki amekula kunde zangu za karibu na njia. Igoki, yaani Mama Wamuyu, ni jirani wa upande wa juu, mke wa Ndambiri mwenye mizinga ya nyuki. Kila asubuhi hupita ndani ya shamba letu akienda kuteka maji mto Ena, na sauti yake humtangulia. "Mama Mutegi! Umeamka ama bado unalaliwa na blanketi?" Njia hiyo ilikuwapo kabla ya sisi kupewa hati ya shamba. Njoka alipozungusha ua wa mkonge nilimwomba aache mwanya juu na mwingine chini, akaacha, huku akinung'unika. Leo nilimwambia Igoki amfunge mbuzi wake. Akacheka akasema mbuzi hajui kusoma hati.

25 Oktoba, Jumamosi

Tumepata wageni. Njoka alikutana na bwana mmoja anaitwa Rwamba huko Embu, kontrakta wa majengo, na huyo bwana anapenda kuwinda ndege. Ana leseni ya bunduki na leseni ya ndege. Alikuja na rafiki zake wawili kwa Landrova, wakaingia sehemu ya chini ambako hatujalima. Kanga wa porini wamejaa huko mwaka huu kwa sababu ya majani. Milio ya bunduki iliwatia ng'ombe kiwewe.

Walirudi na kanga saba, tukawapikia chai. Rwamba ni mtu wa maneno matamu. Alileta mkate na sukari, akaniita Mwalimu, akasifu uji wangu ambao hakuumaliza. Njoka alikuwa amevaa koti lake la kanisani siku ya Jumamosi.

Nilipokuwa namimina chai Rwamba aliuliza, "Huko chini kuna watu, Mzee Njoka? Sipendi kupiga mahali penye watu."

"Huko hakuna mtu," Njoka akasema. "Ni kwangu mpaka mtoni."

Nilimtazama. Hakunitazama. Walipoondoka nikamwuliza, "Na Mama Wamuyu? Na wale wengine wa maji?"

"Hao hupita asubuhi. Hawa huja jua likishapanda. Unataka nimwambie mgeni kwamba shamba langu ni barabara ya kila mtu?"

Nikaacha.

2 Novemba, Jumapili

Mvua. Magugu yanatushinda.

8 Novemba, Jumamosi

Walikuja tena, wanne. Walipoondoka Igoki alisimama jikoni kwangu, maji yanamtiririka, na safari hii hakufanya mzaha.

"Mama Mutegi, hao watu wa bunduki wanajua tunapita?"

"Nitamwambia Baba Mutegi awaambie."

"Mwambie. Mvua hii inanichelewesha, siku zingine nateka maji mchana. Na majani yamekua. Mimi mwenyewe nikiinama na mtungi sionekani."

Nilimwambia Njoka. Alisema atamwambia Rwamba. Sijui kama alimwambia. Sikuuliza tena.

16 Novemba, Jumapili

Hatukwenda kanisani.

Jana Rwamba alikuja na mgeni mmoja tu. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, jua likatoka, kila kitu kikawa kinafuka mvuke. Mimi nilikuwa napalilia karibu na nyumba. Nilisikia mlio mmoja, kisha kanga wakaruka wakipiga kelele, kisha mlio wa pili. Baada ya huo wa pili nikasikia sauti ambayo sikuitambua. Nilifikiri ni mbuzi amenaswa na mkonge.

Halafu Rwamba mwenyewe akaanza kuita, "Njoka! Njoka! Njoo!"

Tulikimbia wote wawili. Igoki alikuwa kwenye njia, amekaa chini, ukanda wa mtungi bado uko kwenye paji la uso, mtungi umepasuka nyuma yake na maji yanamwagika kwenye nguo. Mikono yake ilikuwa imefunika uso. Damu ilikuwa inapita katikati ya vidole. Bunduki ya Rwamba hutumia zile risasi ndogondogo kama punje za mtama, marisau, na zilikuwa zimemwingia usoni na shingoni na kwenye mikono. Aliinua kichwa kuwatazama kanga wakiruka. Hilo ndilo aliloniambia, nilipokuwa nimemshika: "Niliinua kichwa tu. Niliinua kichwa tu." Alilirudia kama mtoto anayetaka kuaminiwa.

Rwamba alikuwa amesimama, bunduki bado mkononi. Alisema, "Niliona majani yanatikisika. Ulisema hakuna mtu. Si ulisema?"

Njoka alimbeba Igoki.

Tulimweka kwenye Landrova, kichwa chake mapajani pangu, Ndambiri akatukuta njiani akapanda bila kuuliza kitu. Tulifika kwenye kijito cha barabara ya Embu tukakuta maji yamepanda yamefunika kivuko. Rwamba akasema gari haliwezi. Ndambiri akashuka, akaingia maji, akayumba, akarudi. Yeye ana mguu mbovu tangu aanguke kutoka kwenye mti wa mzinga. Ndipo Njoka akavua koti na viatu, akamchukua Igoki mgongoni, tukamfunga kwa leso niliyokuwa nimejifunga, akaingia. Maji yalimfika kifuani. Mara mbili nilifikiri wamekwenda. Niliwaona kule ng'ambo, Njoka amepiga magoti kwenye matope bado amembeba, analia kwa sauti, na watu wa pikapu iliyokuwa imekwama upande ule wakaja kumsaidia. Ndambiri alivuka baadaye akishikilia kamba.

Mimi nilirudi kwa miguu. Rwamba na mgeni wake walizunguka kwa njia nyingine. Mgeni huyo sikumsikia akisema neno hata moja.

Njoka amefika leo jioni. Amesema jicho moja limepasuka na la pili madaktari wanataka apelekwe Nairobi, lakini barabara imekatika mahali pawili. Sijawahi kumpenda mume wangu kama nilivyompenda nilipomwona kwenye yale maji. Naliandika hilo ili nilikumbuke.

17 Novemba, Jumatatu

Mvua tangu alfajiri. Njoka aliniambia nisiende shule. Nilifikiri ni mgonjwa.

Alichukua jembe na sululu, akaenda nyuma ya zizi ambako miche ya mkonge imejiotea, akang'oa mikubwa. Akaniambia niibebe. Nikaibeba. Tulienda kwenye mwanya wa juu.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nafunga."

"Sasa hivi?"

"Polisi watakuja kesho. Mwenyekiti wa kijiji ameniambia. Wataniuliza kama kuna njia." Alikuwa anachimba huku anazungumza. "Rwamba ameshasema kwamba mimi nilimwambia hakuna mtu. Unaelewa maana yake? Yeye ana mawakili. Mimi nina shamba hili tu. Wakisema mwenye shamba alijua, shamba limekwenda. Mutegi atasomea wapi?"

Mutegi ni mwana wetu, yuko mwaka wa pili chuoni.

"Njoka, Igoki yuko hospitali."

"Najua yuko wapi. Ni mimi niliyempeleka. Shika hapa."

Nikashika. Alitia udongo, akakanyaga, akaniambia shika hapa, nikashika mwingine. Juu tulipanda mitano, chini minne. Kisha akatawanya majani makavu ya mkonge chini yake, yakaloa yakaonekana kama yako pale miaka yote. Miba ilinichoma kiganja. Kuna mmoja umekatikia ndani na sijaweza kuutoa.

18 Novemba

Polisi wawili walikuja, wamelowa. Njoka aliwaonyesha ua. Akasema njia ilifungwa mwaka jana mwezi wa nane, lakini watu wengine ni wakaidi, huruka. Mmoja aliniuliza mimi. Nikasema, "Ni kama alivyosema mume wangu." Akaandika. Waliomba chai.

23 Novemba, Jumapili

Mvua. Mchungaji aliomba kwa ajili ya Igoki. Njoka alisema amina kwa sauti.

29 Novemba

Wamemfikisha Nairobi juzi. Ndambiri amepiga simu kwa duka la sokoni. Jicho la pili lilikuwa limeoza ndani. Wamelitoa pia.

6 Desemba, Jumamosi

Igoki amerudi. Nilichukua maziwa nikaenda, nikizunguka kwa barabara kubwa kama kila mtu sasa, maana njia haipo.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Ndambiri mlangoni, amefungwa kitambaa. Uso wake umejaa vidoti vyeusi. Binti yao Wamuyu ameacha kibarua chake Embu, ndiye anayempikia. Nilisema, "Mama Wamuyu, ni mimi." Akasema, "Najua. Nimesikia viatu vya mwalimu." Alikunywa maziwa. Aliuliza habari za mawele, za ng'ombe, za Mutegi. Hakuuliza habari za njia. Mimi nilizungumza sana, kama mtu anayesukuma mlango ili usifunguliwe na mtu wa nje.

10 Desemba

Mawele yamefika kiunoni. Sijawahi kuona shamba hili likiwa kijani hivi.

13 Desemba, Jumamosi

Rwamba alikuja, bila bunduki. Polisi wamemnyang'anya mpaka mambo yaishe. Hakuleta mkate.

"Mzee, nimekuja tuelewane," akamwambia Njoka. Hata hakukaa. "Wakili wangu anasema mke wa Ndambiri atatushtaki wote wawili. Mimi nilipiga, sikatai. Lakini nilikuuliza, ukaniambia hakuna mtu. Mwalimu alikuwepo, anamimina chai."

"Nilisema hakuna mtu kwa sababu njia ilifungwa," Njoka akasema.

Rwamba akageuka akautazama ua kwa mbali, akamtazama Njoka tena. "Ilifungwa," akasema. "Sawa. Basi hiyo inatusaidia wote. Aliingia bila ruhusa. Shika hapo hapo, usibadilike."

Akanipa mkono alipoondoka. Nilijifanya mkono wangu una unga.

Mimi nilikuwa namwona Rwamba kama shetani tangu siku ile. Leo nimeona ni mtu aliyeogopa, na alipoona uongo umeshatengenezwa akauingia kama mtu anavyoingia kwenye kibanda mvua ikinyesha. Kibanda chenyewe ni chetu.

25 Desemba, Alhamisi

Krismasi. Mutegi hakuja, daraja limevunjika. Njoka alichinja jogoo akapeleka mguu kwa Ndambiri. Ndambiri alimrudishia sahani ikiwa imeoshwa, na asali juu yake. Njoka aliiweka ile asali mezani na hatukuila.

30 Desemba

Jana tulipiga kura tukiwa kwenye matope. Kesi ya Igoki ilisemekana itasikizwa baada ya kura. Mkuu wa tarafa anataka kwanza akae na wazee hapa hapa shambani, aone mahali, kabla watu hawajaenda mahakama ya Embu.

4 Januari 1998, Jumapili

Njoka ameanza kunifundisha. Jioni, tukila, ananiuliza, "Njia ilifungwa lini?"

"Mwaka jana mwezi wa nane."

"Sasa ni mwaka mpya. Utasema mwaka juzi."

"Mwaka juzi mwezi wa nane."

"Nani alifunga?"

"Wewe."

"Mimi na nani?"

"Wewe peke yako."

Anaitikia kwa kichwa na kuendelea kula. Mimi ndivyo ninavyofanya na darasa la nne.

9 Januari

Mvua. "Ilifungwa lini?" Mwaka juzi mwezi wa nane.

11 Januari, Jumapili

Nilipita kwenye mwanya wa juu. Mikonge yote imeshika. Mvua hii ambayo imeng'oa madaraja imeikuza mikonge yetu, imetoa majani mapya, na nyasi zimefunika kijia kabisa. Mtu akija leo hawezi kujua. Hata mimi ikabidi nitafute.

14 Januari

Kwa Igoki, maziwa. Anajifunza kuchambua kunde kwa vidole. Alinipa alizochambua nikapike, akasema, "Kama kuna mawe, vumilia." Hayakuwepo.

Huyu mwanamke nilikuwa namwona ana kelele. Miaka yote hiyo nikisikia sauti yake asubuhi nilikuwa najisemea, huyo anakuja tena. Sasa asubuhi ni kimya, na mimi huamka mapema kuliko zamani.

15 Januari

"Ilifungwa lini?" Nilimwambia Njoka nimechoka. Akapiga meza. Kisha akaomba msamaha, akaweka kichwa mikononi. Amekonda. Usiku husema maneno usingizini, na yote ni ya maji.

28 Januari, Jumatano

Mkuu wa tarafa alikuja saa nne na askari na karani, na wazee sita, na nusu ya watu wa lokesheni. Mvua ilikuwa nyepesi. Watu walisimama chini ya miavuli na magunia. Rwamba alikuja na wakili wake, kijana mwenye viatu vya kung'aa ambavyo havikung'aa kwa muda mrefu. Ndambiri alimwongoza Igoki kwa mkono, akamkalisha kwenye kigoda mbele.

Mkuu wa tarafa si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Nimekuja kusikia jambo moja. Aliyepiga anajulikana, na polisi wako na hilo. Nataka kujua kuhusu mwenye shamba. Mtu akijua watu hupita kwake, halafu akaruhusu bunduki ilie humo, hawezi kuniambia haimhusu. Lakini kama hapakuwa na njia, hilo ni jambo lingine. Kwa hiyo, kulikuwa na njia au hakukuwa?"

Njoka alisema yake. Aliyasema vizuri. Akawapeleka kwenye ua, wakaona mikonge imesimama, nyasi zimejaa. Mzee mmoja akasema yeye anakumbuka watu wakipita hapo. Mwingine akasema zamani, ndiyo, kabla ya hati. Wanawake wa maji walinyamaza. Wengi wao hulima vibarua kwetu.

Ndambiri alisema, "Mke wangu alipita hapa kila siku mpaka siku hiyo." Basi.

Ndipo yule wakili kijana akauliza, kwa adabu, akitaka kumaliza, "Mzee Njoka, kama njia ilifungwa, huyu mama aliruka ua akiwa na mtungi mgongoni? Alikuwa anafuata nini ndani?"

Hatukuwa tumelifanyia mazoezi swali hilo. Nilimwona Njoka akitafuta. Alimtazama Igoki, akatazama chini.

"Sijui," akasema. "Labda kunde zangu. Kunde zilikuwa zinaibwa."

Igoki aligeuza tu uso kuelekea sauti ya Njoka, uso ule, akaukaza pale, na Njoka akarudi nyuma hatua kama mtu aliyetazamwa.

Mkuu wa tarafa akaita, "Mwalimu Nelius. Wewe ni mke. Njia hii ilifungwa lini?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nimelisema jikoni mara nyingi kiasi kwamba lilikuwa linatoka lenyewe. Nilisema, "Mwaka juzi," na nikasimama hapo. Karani akaandika. Nikamwambia, "Futa."

"Futa nini?" mkuu wa tarafa akauliza.

"Ilikuwa wazi. Aliyeacha mwanya ni mume wangu mwenyewe, mimi nilimwomba. Mama Wamuyu si mwizi. Ndani ya shamba hili hajawahi kuchukua hata jani. Tuliifunga Jumatatu, yeye akiwa hospitali. Njoka alichimba na mimi nilishika miche. Na siku ya kwanza ya wageni Njoka aliulizwa kama kuna watu akasema hakuna, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Na Mama Wamuyu aliniambia mimi niwaonye watu wa bunduki. Sikuhakikisha."

Mtu mmoja nyuma alimwita Mungu, "Ngai." Njoka hakunipigia kelele. Alisema kwa sauti ya chini, kwa Kimbeere, "Umetumaliza," kisha akaondoka katikati ya watu wakimpisha njia.

Mkuu wa tarafa alifunga faili. Alisema hawezi kutoa hukumu, lakini ataandika alichosikia, na mahakama ya Embu itawaita wote wawili, aliyepiga na mwenye shamba. Wakili wa Rwamba alikuwa anamnong'oneza Rwamba, na Rwamba alikuwa anaitikia kwa kichwa, na niliona kwamba hata haya niliyoyasema yatamfaa. Atasema aliambiwa hakuna mtu, na sasa ana shahidi.

29 Januari

Njoka amekwenda Kianjokoma kwa kaka yake. Aliondoka na koti.

Mwalimu mkuu hakunisalimia. Mwalimu wa darasa la saba alinishika bega. Mvua.

31 Januari, Jumamosi

Nilikwenda kwa Igoki bila maziwa. Nilitaka kwenda mikono mitupu.

Alikuwa ndani, anafuma kiondo kwa kupapasa, anafumua, anafuma tena. Nilikaa. Nikamwambia, "Nilipaswa kusema siku ile ya polisi."

"Ndiyo," akasema.

"Uliponiuliza habari za ng'ombe, nilikuwa..."

"Nilijua, Mama Mutegi. Nilijua tangu siku niliyorudi. Baba Wamuyu alinipeleka pale, akanishikisha mikonge. Udongo ulikuwa bado laini, mguu unazama. Na Wamuyu aliniambia una kiganja kilichofungwa."

"Kwa nini hukuniuliza? Nimekuja hapa wiki zote hizi."

"Ningekuuliza ungesema nini?" Vidole vyake havikusimama. "Ungekana. Ungeapa, labda kwa jina la Mutegi. Na mtu akishaapa hawezi kurudi. Nilimwambia Baba Wamuyu, tusimwulize. Tumwache bila kuapa."

"Na maziwa ukayanywa."

"Maziwa ni maziwa."

Nilimwuliza kama atanisamehe. Akaniambia, "Usiniulize leo. Na kesho usiniulize." Kisha akasema uzi umemponyoka, nimtafutie. Nikautafuta chini ya kigoda, nikampa.

5 Februari

Mvua imerudi usiku. Mawele yanachipuka yakiwa kwenye mashuke. Nusu yameoza.

8 Februari, Jumapili

Njoka amerudi. Alikula nilichompa. Amesema kaka yake amemwambia shamba letu likigawanywa kwa sababu ya kesi, yeye kaka naye anadai sehemu yake humo, kwa hiyo hata huko hakupata kimbilio. Alilala kwenye chumba cha Mutegi.

10 Februari

Tumevuna kinachovunika. Njoka anakata, mimi nakusanya. Mchana kutwa hatukuzungumza ila kuhusu magunia. Nilimtazama mgongo wake. Ni mgongo ule ule uliompeleka Igoki ng'ambo ya maji, na ni yeye aliyemwita mwizi, na siwezi kuchagua mmoja nikamwacha mwingine. Wote wawili wanakula mezani kwangu.

14 Februari, Jumamosi

Barua ya wito imefika, Njoka ameitwa Embu mwezi ujao. Ameikunja akaitia mfukoni.

Mchana nilikuwa kwa Igoki, tunapepeta mawele yaliyokauka. Anapepeta vizuri kuliko mimi, anasikiliza. Jua lilikuwa limetoka. Ghafla tukasikia mlio ng'ambo ya Ena, na ndege wakaruka, na mlio mwingine.

Igoki aliangusha ungo. Mawele yalimwagika yote. Alijikunja akafunika uso, uso ambao hauna tena cha kupoteza, na Wamuyu akakimbia kutoka jikoni akamshika. Alitetemeka muda mrefu. Alipotulia hakuuliza ni nani anayepiga.

"Hapo ni kwa nani?" akauliza.

"Kwa Kithaka," nikamwambia. "Pale kwenye vichaka."

"Nani hupita hapo?"

Nikafikiri. "Wanaokwenda sokoni. Na watoto wenye mbuzi."

"Anajua?"

Niliteremka mpaka mtoni nikikimbia. Ena bado imejaa, maji mekundu, haivukiki. Nilimwona Kithaka amesimama upande wake na watu wenye kofia, na Landrova ambayo sikuweza kuitambua. Nilipiga kelele. Nilivua kitambaa cha kichwa nikakipunga. "Kithaka! Kuna watu! Kuna watu hapo!" Maji yalikuwa yananguruma. Kithaka aliniona, akainua mkono juu, akanipungia kwa furaha kama tunavyosalimiana siku zote. Kisha akawageukia wageni wake, wakaingia vichakani.

Jioni nimemwambia Njoka kwamba kesho alfajiri nitazunguka kwa njia ya daraja niende kwa Kithaka. Akasema, "Wewe hatakusikiliza, atasema ulimwuza mumeo. Na mimi hakuna anayenisikiliza tena."

Nimemwambia nitaenda hivyo hivyo, na kwamba ng'ombe watamngoja yeye awakamue.